Yaya Alionja Kwanza

Jumatatu, 3 Juni

Kosa la watu wengi ni hili: wakisikia kitabu kimetengenezewa filamu, wanadhani filamu ni kitabu kilekile kilichopewa miguu. Sivyo. Kitabu ni mtu mmoja anayesimulia alichokiona. Filamu ni watu wengi waliokubaliana nini kionekane. Niliwaeleza watoto jambo hilo miaka yote niliyoongoza shule. Jumamosi ya wiki ijayo nitalirudia mbele ya watu wazima, katika ukumbi wa parokia. Filamu kwanza, mjadala baadaye. Msemaji ni mimi.

Kwa hiyo kila siku baada ya chai nasoma kitabu upya, penseli mkononi. Leo sura ya tatu. Msafiri, yule mzungu aliyekiandika, bado analia kwa sababu ya mume waliyeachana. Alilia uwanja wa ndege. Alilia ziwani. Sasa analia njiani kwenda Mumosho, mbele ya wanawake waliobeba makaa mgongoni. Wanawake wale wamepewa mstari mmoja. Machozi yake yamepewa kurasa. Anasema amekuja kujitafuta. Sijui kwa nini alijipotezea kwao akaja kujitafuta kwetu.

Nimechoka naye. Naendelea.

Jumanne, 4 Juni

Sura ya Nyangezi. Hii naijua kuliko mwandishi.

Alipopita Bukavu miaka ile, Padri alimleta kwangu. Alitaka mahali pa kimya. Nikampeleka Nyangezi kwa dada yangu mkubwa, Yaya Nsimire, mjane, mwenye shamba la ndizi na mkono mzuri wa kutengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Alikaa kwake zaidi ya wiki. Kitabuni Yaya hana jina. Anaitwa Mama wa Milima. Ama mgeni hakuuliza, ama aliuliza akaona jina halimfai.

Lakini nimpe haki yake. Aliyoyaona ameyaandika. Kwamba siku ya kwanza Yaya alileta kibuyu, akainamia mrija, akanywa kwanza, ndipo akampa yeye. Anasema alidhani mzee ana kiu! Nilicheka peke yangu mezani.

Kwetu mwenyeji huonja mbele ya macho ya mgeni. Maana yake: hakuna sumu humu, na kama ipo, tutakufa wote. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kusoma. Msafiri hakuelewa, lakini hakuficha. Huo ndio ujinga ninaoweza kuusamehe. Ameandika pia kwamba malaria alikuja nayo mwilini, na kwamba Yaya alishuka kilima kwenye mvua kumwita muuguzi. Vyema. Nimeweka alama kwenye ukurasa.

Alhamisi, 6 Juni

Maman Zawadi, jirani yangu hapa Kadutu anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni, ameingia bila kubisha. Simu mkononi. Kipande cha ile filamu kinazunguka mjini, na kila mtu anamtumia mwenzake.

Nimekiona. Nyanda kavu, miti ya miiba. Hakuna mgomba hata mmoja. Chini wameandika Nyangezi. Mwanamke mzee anatoka kibandani na kibuyu. Haonji. Anamnyooshea mgeni, anamtazama akinywa, anatabasamu. Ngoma. Mgeni anaanguka.

Maman Zawadi alipiga makofi, akaniita kwa cheo changu cha zamani, mwalimu mkuu.

"Directrice, uko unaona? Ule muzee hakuonja! Anamupa mwana wa bantu karuho, kisha anacheka!"

Karuho ndiyo sumu tunayoiogopa hapa kuliko bunduki. Nilimwambia ni filamu tu, watu wanaigiza.

"Banaigiza nini? Si banaandika Nyangezi hapa chini. Mi siko mujinga."

Hajui kwamba yule mzee ni Yaya. Sikumwambia. Nilishindwa kula. Ni kinyaa, sina neno lingine.

Ijumaa, 7 Juni

Padri amenipa filamu nzima ili nijiandae. Nimeitazama mchana huu, kitabu magotini, nikilinganisha.

Kitabuni homa ni malaria. Kwenye filamu homa ni zawadi. Mgeni anaota utoto wake, anamwona mama yake, anamsamehe mume, anaamka amepona moyo. Muuguzi ameondolewa. Mvua imeondolewa. Miguu ya Yaya kwenye tope imeondolewa. Kumeza kule kudogo kwa Yaya kwenye mrija, ambako hakungechukua hata muda wa kupiga chafya, kumeondolewa. Wamebakiza tabasamu.

Mtu wa mbali ataona bibi mwenye hekima na dawa ya asili. Mtu wa hapa ataona mchawi kazini. Watengenezaji hawakukusudia ubaya. Hilo ndilo linalonichefua zaidi. Hawakumchukia Yaya. Hawakumfikiria.

Kitabu kilimwona dada yangu kikamwelewa vibaya. Filamu haikumwona. Hiyo ndiyo tofauti, na nitaisema Jumamosi.

Jumapili, 9 Juni

Yaya amepiga simu baada ya misa. Sauti yake ya kawaida, kama anasema habari za mvua.

"Mudogo yangu, pombe imerudi."

Kulikuwa na ukoo uliopokea mahari jana. Walimwagiza kasiksi tangu mwezi uliopita, kama kila ukoo wa pale unavyofanya.

"Imerudi kiasi gani, Yaya?"

"Yote. Hata povu habakuigusa."

Kanisani benchi lake lilibaki tupu, yeye peke yake katikati. Akina mama aliowapokelea watoto wao mikononi walipojifungua walisalimia kwa kidevu. Mtu amemwonyesha mjukuu wa mtu kile kipande, na kila mmoja Nyangezi anakumbuka nani alimlaza mzungu. Mtoto wa jirani anaumwa tumbo tangu Ijumaa. Sasa wanahesabu nani alipita karibu na nyumba yao.

Nilimweleza kila kitu: filamu, kitabu, waigizaji, namna kipande kinavyokatwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa kusikiliza.

Kisha akasema: "Lakini mimi nilionja. Na yeye anajua nilionja."

Hapa kwetu bibi akishasemwa karuho, maneno hutangulia na fimbo hufuata. Nimeona nyumba ikichomwa kwa neno dogo kuliko hili. Naogopa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwandikia msafiri kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Anao, wenye picha nyingi za uso wake. Nimeandika kwa Kifaransa safi, bila matusi. Nimemweleza desturi ya kuonja. Nimemwomba jambo moja: aseme hadharani, kwa sauti yake, kwamba mwenyeji wake alikunywa kwanza. Amesema hivyo kitabuni. Arudie tu.

Jumatano, 12 Juni

Amejibu haraka. Mioyo mingi myekundu. Kwamba ujumbe wangu umemliza. Kwamba filamu ina ukweli wake wa ndani, na kwa namna fulani ni ya kweli kuliko kitabu. Kwamba atamwashia mshumaa Mama wa Milima.

Hakuuliza jina lake. Hata sasa.

Nilizima simu nikaenda kufua. Nilifua hata vilivyokuwa safi.

Jioni Yaya amesema jiwe limeanguka juu ya bati lake, mchana kweupe. Aliyelitupa hakukimbia. Alitembea. Mtoto wa jirani amepona, ni minyoo, lakini hakuna aliyekwenda kutangaza hilo.

Nilikwenda kwa Padri kumwomba afute onyesho la filamu. Ameshika kidevu. Amesema watu wameshaalikwa, na kwamba sinema ni sinema. Kisha nikafikiri njiani: tukifuta, watabaki na kile kipande tu. Kipande ndicho kibaya. Basi ionyeshwe yote, na kitabu kisomwe juu yake.

Nimempigia Yaya nimwambie abaki Nyangezi, nitashughulika mwenyewe.

"Banionyesha kwa bantu bote mi nikiwa siko," amesema. "Jumamosi nitakuwako."

Jumamosi, 15 Juni

Imekwisha. Niandike kabla sijalala usingizi wa mchana, maana nimechoka hadi mifupa.

Ukumbi ulijaa. Yaya alifika na gari la kwanza, kitenge cha ibada, kibuyu kimefungwa kwa jani la mgomba. Aliketi mbele. Hakuna aliyemjua kwa sura, ila watu wa Nyangezi waliokuja na gari lilelile walinong'ona, na mnong'ono una miguu. Viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki wazi. Nilikaa kimoja.

Ilipofika sehemu ya kibuyu, ukumbi wote ulivuta pumzi. Mwanamke mmoja alisema Yesu Maria. Yaya hakupepesa macho. Ilipokwisha aliniinamia sikioni: "Ule mama wa filme, kibuyu chake kilikuwa kitupu. Ona namna anakibeba."

Nikasimama. Nimefundisha maisha yangu yote, najua kueleza. Nilianza na kosa la watu wengi. Nilieleza kitabu ni nini na filamu ni nini. Nilisoma ukurasa wenye alama, kwa Kifaransa, kisha nikautafsiri polepole. Nilieleza kwa nini msafiri alidhani ni kiu. Wachache walicheka. Wengine walinitazama kwa adabu, kama watoto wanaongoja kengele.

Mwanaume mmoja nyuma aliinua mkono.

"Directrice, na heshima yako. Kitabu ni karatasi. Karatasi inavumiliaka kila kitu. Filme tumeiona na macho yetu."

Makofi. Walimpigia yeye makofi.

Watu niliowafundisha kusoma! Nilifungua mdomo nieleze tena, na kwa mara ya kwanza maishani nikakosa pa kuanzia.

Yaya alisimama. Hakupanda jukwaani.

"Mimi njo ule muzee. Ninaitwa Nsimire. Muzungu alilala kwangu, alikula kwangu, akarudia kwao muzima. Njo ule anaandika bitabu."

Akafungua jani. Akageuka ili wote waone. Akainamia mrija, akanywa, tukamwona koo likipanda na kushuka. Akajifuta mdomo. Akainua kibuyu mbele ya ukumbi mzima.

Hakuna aliyesogea.

Daktari alinikataza pombe kwa sababu ya sukari. Nilikunywa. Tamu, chachu kidogo, moshi kwa mbali, kama nyumbani kwa baba. Lakini mimi ni mdogo wake, na kila mtu alijua hivyo sasa. Kunywa kwangu hakukuthibitisha kitu. Kibuyu kikabaki hewani, na mkono wa Yaya ukaanza kuchoka. Hilo ndilo lililoniuma: mkono ule.

Ndipo Maman Zawadi aliinuka katikati ya safu, akiwakanyaga watu miguu.

"Lete hapa, Yaya. Ni mimi nilikuonyesha kwa Kadutu yote na telefone yangu, basi nianze mimi. Nikikufa, munivalishe kitenge yangu ya mupya. Isibakie kwa bashemeji!"

Ukumbi ulicheka. Alikunywa kwa muda mrefu, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akatoa sauti ya kuridhika. Kisha akajifanya anaanguka, watu wakapiga kelele, akasimama wima.

"Bajinga nyinyi. Hii pombe iko muzuri."

Wakaanza kuja. Mmoja, kisha wengine. Si wote. Yule mwanaume wa nyuma alitoka kwa mlango wa pembeni, na wengi walimfuata. Watu wa Nyangezi walikunywa wawili tu. Padri alikuja wa mwisho, alipoona waliokunywa bado wamesimama. Nimemwona. Amejua nimemwona.

Jumatatu, 17 Juni

Yaya alirudi kwake jana baada ya misa. Sikuweza kumzuia. Alisema ndizi zimeiva, hazimngojei mtu. Maman Zawadi alimsindikiza hadi garini, akimbebea kibuyu kichwani ili Kadutu nzima ione.

Asubuhi amepiga simu. Jirani, mama wa yule mtoto wa minyoo, amemwazima jembe bila kusema kitu. Ukoo wa mahari bado kimya. Jiwe bado liko juu ya bati. Hajaomba mtu alishushe.

Nimerudisha kitabu kabatini. Si kitabu kizuri. Mwandishi wake anajipenda sana. Lakini mstari ule mmoja upo, na atake asitake ni wa kweli, nami nimeupigia mstari. Filamu nimeirudisha kwa Padri. Itaendelea kuzunguka katika simu za watu, na mzee wake hataonja kamwe, hata ichezwe mara ngapi. Kueleza kwangu hakutamfanya aonje.

Yaya ataonja. Kinachokosekana ni mtu wa kupokea kibuyu baada yake, mchana, watu wakipita.

Ziwa limetulia leo. Vumbi la kiangazi limeanza.

Basi, Directrice: chukua kitenge kizito, panda gari la Nyangezi, umwombe Yaya kinywaji, ukinywe mbele ya mlango wake, upande wa barabara.