Chiriku wa Chumba cha Chini

Manowarini, 4 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kelele, na mume wetu naye amepunguza kukoroma. Mimi sijambo, ila mikono imeota sugu. Ukinisalimia utadhani umeshika mkono wa mchimba visima.

Nina habari ambayo hutaipenda, kwa hiyo kaa kwanza. Nimehamishiwa chumba cha pampu, kile cha chini kabisa. Ndiyo, chumba kama kile cha Baba. Mabomba ya maji ya bahari yamejaa ukutani, na kila bomba lina vali yenye usukani wa chuma unaozungushwa kwa mkono. Bomba likipasuka, sharti mtu ashuke akaifunge vali yake. Lakini mwaka huu tunaletewa mashine za kuzungusha vali hizo kutoka juu, nami ndiye fundi wa kuzipachika. Kazi hii niliiomba mwenyewe. Nipe radhi zako, Bibi.

Mke mwenzako mdogo

Nyumbani, 19 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yako palepale. Mume wetu anakoroma hadi wapangaji wanalalamika. Nimewaambia atakayemnyamazisha hatalipa kodi.

Sasa utani basi. Meli nzima ile, na ofisi zake na jiko lake, wewe ukaona shimo lile ndilo la kuombwa? Mwanangu alishuka kufunga vali. Akaifunga. Maji yalikuwa yameshampita kifua, na wenzake huko juu wakaamriwa wafunge mlango wa chuma ili meli isizame. Nililetewa kofia yake na barua ya kumsifu. Sifa haziniiti mama, mjukuu wangu.

Radhi sitoi. Siku utakayoniandikia kwamba vali imefungwa na hakuna mtu aliyeshuka, siku hiyo uniombe tena. Naishia hapa, koki kuu ya uani inavuja, na shimo lake lilivyo refu, nikiinama siinuki mpaka niitiwe watu.

Bibi yako, mwenye hasira

Manowarini, 11 Aprili

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimejifungia chooni, maana huko ndiko wasikoniona nikilia. Uliyosema yote ni kweli.

Basi nikueleze hiyo mashine. Ni mota ndogo, yatosha kubebwa kwapani, na haiogopi maji. Unaipachika juu ya usukani wa vali, vidole vyake vya chuma vinaushika, kisha waya wake unapanda hadi juu kwenye kisanduku chenye kitufe. Ukibonyeza, usukani unazunguka kule chini na wewe umesimama huku juu, miguu mikavu. Taa ya kijani ikiwaka, vali imefungwa. Kazi ikiisha unaichomoa, unakwenda nayo kwenye vali nyingine.

Ya kwanza niliyoipachika ina kelele, inalia kwi-kwi-kwi bila kupumzika. Wenzangu wakasema ipewe jina. Nikachukua rangi nyeupe nikaandika CHIRIKU, vile ulivyokuwa ukimwita Baba kwa maneno yake mengi. Tangu tumpoteze sijakusikia ukilitamka. Kama nimekosea, niambie.

Mjukuu wako

Manowarini, 2 Juni

Bibi, shikamoo.

Hukunijibu. Sijui ni posta, ni magoti, au ni mimi. Babu hajambo?

Jumanne bomba lenye Chiriku lilipasuka, na halikuwa zoezi. Mkuu wetu wa zamu alitupandisha wote, akahesabu vichwa, mlango wa chuma ukafungwa. Nikabonyeza kitufe. Tukamsikia Chiriku akipiga kelele chini yetu, halafu kimya. Taa ya kijani haikuwaka.

Sitakudanganya, Bibi. Nilishika mpini wa mlango. Nilitaka kushuka nikamalizie kwa mkono. Mkuu akanidaka ukosi, akasema, "Toa mkono hapo! Mwache afanye kazi yake." Nikabonyeza tena. Akalia kwa shida, kama mtu anayenyanyua gunia, akalia, akalia, na taa ikawaka. Tulisimama tukikodolea macho kipimo cha maji mpaka kikatulia. Mpishi ndiye aliyeanza kucheka, ndipo na sisi tukapumua.

Kusimama pale juu kulinitesa kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Sasa naelewa kwa nini Baba alishuka.

Vali imefungwa, na hakuna mtu aliyeshuka. Naomba tena.

Mjukuu wako

Nyumbani, 17 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba, tena marahaba. Babu hajambo. Nilipomsomea barua yako alitoka uani kutafuta kitu ambacho hakikupotea, akarudi macho mekundu.

Si posta, ni mimi. Nilipoliona jina lile limeandikwa, niliificha barua chini ya mashuka. Nilikukasirikia. Nikasema, mwanangu ndiye wa kuandikwa kwenye chuma kama namba ya gari?

Halafu shimo la koki likanishinda kabisa. Nikamwita fundi wa kuchomelea, nikamwambia anitengenezee fimbo ndefu yenye vidole mwishoni, kama ulivyoeleza. Wapangaji wakanicheka, eti Bibi kanunua mkuki. Nikasimama wima, nikazungusha, koki ikafunga. Sikuinama hata kidogo. Nikaketi palepale nikalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Fimbo tu, mjukuu wangu! Fimbo ya chuma, na mwanangu leo angekuwa mzee mwenye kitambi, anatuchosha kwa maneno. Hasira hiyo sijaimaliza, na huenda nikazikwa nayo.

Lakini wewe ulisimama juu. Radhi zangu zote unazo. Lala usingizi.

Nina ombi moja. Umesema mashine huchomolewa kazi ikiisha. Basi Chiriku akimaliza kufunga, asiachwe kule chini. Mfuteni maji, mpandisheni, mumweke mahali pakavu penye watu.

Mimi,
Mama Chiriku