Uji wa Kombe Alfajiri ya Upasuaji

Jeju, 3 Machi

Mwanangu Hye-ran,

U mzima huko Busan? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kila nikitoka majini. Mdogo wako Gyu-seok kaniambia atapasuliwa tumbo apungue mwili, tena hospitalini kwako. Mama Bu, mbea wetu, anasema wanene wakilazwa chali kwa dawa ya usingizi, tumbo hubana mapafu na hawaamki. Maisha yangu yote nimezamia kombe wa miambani kwa pumzi moja, najua pumzi haina mbadala. Niambie ukweli: atapumua?

Mama yako

Busan, 7 Machi

Shikamoo mama,

Sisi wazima, Gyu-seok anakula kidogo na kununa sana. Mama Bu hajakosea yote. Mapafu ya mtu mnene hunywea upesi akilala. Ndiyo maana tutamwinua kichwa na kifua, tumshibishe oksijeni kwanza, kisha mashine impulizie pumzi ndogondogo na kubakiza hewa kidogo ndani, mapafu yasijifunge. Mkuu wangu kakubali nimlaze mimi kwa dawa ya usingizi, yeye awe kando yangu. Lakini mama, usiku wa kuamkia upasuaji asile kitu. Chakula kikipanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni, tumempoteza.

Binti yako, Hye-ran

Busan, 22 Machi

Mama,

Leo sina salamu. Alfajiri hii, saa chache kabla ya upasuaji, nimemkuta Gyu-seok kitandani anajifuta mdomo, chupa aliyoleta Mama Bu iko mapajani. "Dada, sijala," akaniambia, "ni uji tu wa mama." Uji wa kombe! Najua, kwetu hakuna mtoto aliyekwenda kwenye mtihani wala jeshini bila uji wako. Lakini nilikuomba, mama. Asingesema, ningemlaza na tumbo limejaa, na mwanao angezama nchi kavu mikononi mwangu. Upasuaji umeahirishwa. Nimelia chooni kama mtoto.

Hye-ran

Busan, 2 Aprili

Shikamoo mama,

Hujajibu, na simu hupokei. Nasikia unazamia hata siku za upepo mkali. Acha hayo, hasira zimeniisha. Siku mpya ni tarehe 11.

Hye-ran wako

Jeju, 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Niliona haya. Moyoni uji ule haukuwa chakula, ulikuwa dua. Safari hii hakuna chupa itakayopanda meli, na Mama Bu nimemwambia akithubutu nitamtosa baharini. Nami sitatia kitu mdomoni mpaka useme kaamka. Usinibishie.

Mama yako

Busan, 11 Aprili

Mama! Kaamka!

Katikati ya kazi oksijeni yake ilianza kushuka. Mkuu akaniuliza, "Unangoja nini?" Nikayafungua mapafu polepole kwa pumzi ndefu, nikaongeza ile hewa ya kubaki ndani, oksijeni ikapanda na haikushuka tena. Tulimketisha ndipo tukatoa mpira wa kupumulia kooni. Akashusha pumzi kwa mluzi mrefu, ule ule wako ukiibuka majini! Manesi wakacheka, mimi nikabubujikwa na machozi. Neno lake la kwanza: "Mama kala?"

Haya, kula sasa.

Binti yako, Hye-ran

Jeju, 12 Aprili

Mwanangu,

Habari yako ilinikuta mwambani na wenzangu. Nikapiga mluzi kwa nguvu zangu zote, wakaitikia wote, hata Mama Bu asiye na meno. Binti yangu kampigania mdogo wake pumzi akashinda! Nimemtangazia kila mtu, hata muuza samaki nisiyeongea naye.

Nimekula mabakuli mawili ya uji. La tatu ni la Gyu-seok, liko kwenye friji. Sijalituma. Wewe ndiye utakayesema lini.

Mama yako