Damu ya Ng'ombe Niliyomnywesha Rhobi kwa Siri

Mama Verdiana, shikamoo. Naomba unisikilize kwanza, kunitukana utanitukana baadaye. Mimi ni baba wa miaka hamsini na moja, mkulima wa huku Susuni, na binti yangu Rhobi, miaka kumi na saba, ana saratani ya damu, anatibiwa Mwanza. Mwezi uliopita alimaliza dripu za awamu ya pili wakamruhusu aje nyumbani apumzike, na nesi akatuambia mimi na mke wangu Eunice kwamba kinga ya mtoto imeshuka sana, asipewe kitu kibichi, maziwa yachemke, na akipata homa tusingoje hata kesho. Eunice akafuata yote, hata kijiko anachemsha. Lakini mimi nilikuwa namwona mtoto amepauka kama majivu, nikajisemea huyu damu imeisha, na sisi Wakurya mtu akiishiwa damu tunamrudishia ya ng'ombe, mimi mwenyewe nilipotahiriwa nilikunywa nikapata nguvu, basi Eunice akienda kisimani asubuhi mimi namfunga ng'ombe kamba shingoni, napiga mshale kwenye mshipa, nakinga damu kwenye kibuyu, nachanganya na maziwa mabichi, nampelekea. Siku ya kwanza alisema, "Baba, inanuka." Nikamwambia, "Kunywa, au umekuwa Mzungu?" Akacheka, akanywa. Siku nne. Nikamwambia mama yake asijue.

Homa ilianza Jumatatu, nikajisemea hiyo ni damu inaingia, Eunice nikamzuia kwamba ni mafua tu, tukachelewa mpaka Alhamisi. Sasa amelazwa tena Mwanza, chumba cha peke yake, anatetemeka, hata maji hayapiti. Daktari aliuliza amekula nini, Eunice akasema kila kitu nilichemsha, dada yangu aliyekuja kumjulia hali akamrukia, "Ulichemsha kwa mdomo!" Daktari akanigeukia, nikasema, "Muulizeni mama yake, mimi ni mtu wa ng'ombe." Rhobi alikuwa ananitazama. Hakusema kitu. Nikarudi Susuni eti mifugo iko peke yake, na Eunice ananipigia analia, ananiuliza amekosea wapi. Nikisema, ataniacha. Mama, nimemuua mwanangu?

Baba Rhobi, Susuni

Marahaba. Nimepiga namba uliyoandika mara tatu, haipatikani, ndiyo maana barua yako naisoma hapa redioni leo. Majina nimebadilisha, wewe utajijua.

Ulimpenda, nimesikia. Ila mwoga ni mwoga hata akishika mshale. Zile dripu zinapiga saratani, zinapiga na askari wa mwili. Kijidudu kinachopita tu tumboni mwako, kwake ni jambazi aliyekuta mlango wazi. Kama ni ile damu iliyomwangusha, mimi sijui, wewe pia hujui. Daktari angeweza kujua, lakini umemwacha anapapasa, huku mkeo anabeba kosa lako. Halafu unaniuliza habari za kuachwa!

Washa simu. Mwambie Eunice akupe daktari, useme: damu mbichi ya ng'ombe, maziwa mabichi, siku nne, homa tangu Jumatatu. Usipunguze hata siku moja. Kisha panda gari uende, umwombe mkeo msamaha mbele ya huyo dada yako, kwa sauti. Na kama unataka kumpa mtoto damu, uliza wanapochangia, nyoosha mkono wako mwenyewe, ipimwe.

Siwezi kukuahidi kwamba atapona, nitakuwa mwongo kama wewe. Lakini alikunywa kwa kukutii, na sasa ananyamaza kwa kukutii. Kamfungue mdomo, baba, angali anakusikia.