Citoyen Bulonza na rula yake

Eulalie, professeur wetu Bulonza ameniua! Niko naandika hapa mu salle ya conférence, mwenye anaonyesha watu kazi yangu.

Unajua courbe ya mémoire yangu, ule mustari wa mwangaza wenye nilichora kwa kumaliza masomo: nyota inalipuka miale X, inalipuka, kisha kila masaa ine, dakika nane kitu hakuna, sababu nyota mwenzake inaifunika: ndiyo éclipse. Mwaka muzima nilitafuta ile shimo mu mustari.

Ameifunga na rula, amepitisha mustari juu yake! Na rula, Eulalie!

Mugeni wa Kinshasa, mwenye anajua nyota ile, anauliza: "Éclipse iko wapi?"

Bulonza ananyoosha koti yake ya abacost: "Ilikuwa coupure ya courant, umeme ulikatika, citoyen. Nimeisha irekebisha."

Coupure! Kule juu ku nyota!

Mugeni anasema: "Kila masaa ine, dakika nane, bila kukosa? Coupure yenye kuheshimu saa, ni ya inchi gani?"

Salle nzima ikapasuka na kicheko. Bulonza naye akacheka, Eulalie. Hakuelewa.