Simu Nilizokataa Kupitisha

Ruiru

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Baba bado anakohoa au ile dawa imemshika? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ni ya kutafuna mifupa.

Najua Mjomba Salim amekwisha kukuletea habari kwamba nimeharibu kazi. Sasa sikia kwangu.

Hapa kiwandani tunaunda simu. Kazi yangu ilikuwa kupima chipu ya redio, kile kidude kidogo kinachoiwezesha simu kushika netiweki. Naiweka simu kwenye kisanduku cha chuma, naipunguzia mawimbi, natazama kama itashika au itakata. Mwezi huu zikaanza kukata, trei baada ya trei. Chipu zilichomelewa vibaya, hazikukaa sawasawa kwenye bodi.

Nikamwita msimamizi wetu, Bwana Kariuki. Akatoa simu moja, akapiga, ikaita.

“Si unaona inashika? Pitisha.”

“Hapa mnara uko nyuma ya ukuta,” nikamwambia. “Hizi zinapelekwa mashambani.”

“Amina, hii ni simu ya bei ya chini. Anayenunua anajua.”

Mama, nilimkumbuka Mwanaidi. Nilikukumbuka wewe umesimama juu ya kichuguu ukitafuta netiweki, dada yangu analia kwa uchungu wa uzazi ndani, simu inakata kila ukimpata muuguzi, mpaka Baba akashika baiskeli kumfuata. Nikamweleza Kariuki yote. Akacheka. “Hizo ni stori za kwenu Tana River.”

Nikainuka kitini. Nikamwambia zipitishe wewe, kwa mkono wako.

Siku hiyohiyo nikatupwa kwenye kupakia maboksi. Kiti changu akapewa Wanjiru, msichana wa Thika tunayekula naye chakula cha mchana. Nikaona basi, yamekwisha. Wanjiru akapima simu chache, naye akasimama. “Ai, mimi siwezi. Cucu yangu ananunua simu kama hizi.” Cucu ni bibi kwa Kikuyu. Akaletwa wa tatu, akakataa. Kariuki akabaki anazunguka zile trei peke yake kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kazi ikasimama mpaka injinia mkuu akashuka. Alipima mwenyewe, akaona zinakata. Simu zote zikafunguliwa, chipu zikachomelewa upya.

Lakini mimi bado napakia maboksi. Kariuki anasema nitarudi kwenye kiti changu nikimwomba msamaha mbele ya wenzangu. Mjomba ananisihi nikubali. Kila jioni hapa kwake Membley ananiambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimemjibu, kwa heshima zote, kwamba mkono ulionizaba kofi siubusu.

Usiniambie na wewe nikubali, Mama. Mgongo unauma kwa kuinua maboksi, lakini nalala usingizi mzito. Wakinifukuza, nitashuka kwenye basi hapo Garsen mchana kweupe, kila mtu anione.

Nisalimie Baba, na Mwanaidi na mwanawe. Msalimu kaka yangu Komora, umwambie asiwaze kuja huku kunipigania. Mpe salamu pia Bi Zena jirani yetu, anayekusomea herufi zangu mbaya.

Msamaha wa Kariuki siutafuti. Radhi yako ndiyo naitaka.

Mwanao,
Amina