Sijui Kama Rebeka Aliolewa

Mayu,

Shikamoo. Ile marahaba yako ndefu siku hizi naiitikia mwenyewe, tena kwa sauti. Majirani wakisema mkamwana wako kachanganyikiwa, waache waseme.

Nakuandikia kuhusu kitabu. Kile cha Rebeka na Elia tulichoazimwa na Mama Happy wa kwaya, hadithi ya mapenzi ya Kikristo ya enzi za wamisionari wa kwanza. Nimekiacha. Najua nilikuahidi, tena ukiwa kitandani umenishika mkono: "Utakuja uniambie kama Rebeka kaolewa." Nikasema nitakuja. Sasa nimekuja mikono mitupu, na naomba unisikilize kwanza kabla hujanuna.

Unakumbuka tulivyoanza? Macho yako yalikuwa yameingia ukungu, lakini mikono yako ilikuwa inaona. Ulikaa kibarazani hapa Kharumwa ukikata viazi vya michembe kwa kupapasa, mimi navianika juani, nikimaliza nasoma. Sikujua kwamba kitabu cha kanisani kitanivua nguo. Elia akamvuta Rebeka pale kisimani akambusu, na mimi niko mbele ya mama wa mume wangu! Nikasoma, "Wakasali." Kuanzia hapo kila walipobusiana nikawasalisha. Mpaka siku moja ukaweka kisu chini. "Hawa vijana wana maombi, jamani. Juzi kisimani, leo ghalani, tena na mlango wamefunga!" Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ukacheka mpaka ukakohoa. "Soma yote, mwanangu. Mimi nimezaa watoto saba kwa maombi hayohayo."

Tangu siku hiyo sikukuogopa tena. Nilikuwa na mama mkwe, nikawa na shoga.

Rebeka mwenyewe hukumpenda. Ulisema analia kila ukurasa, sasa ng'ombe anawakamua nani? Uliyempenda ni mama yake Elia, yule kikongwe mwenye maneno makali na kuku wengi. Huyo ndiye mtu, ulisema, wengine wote mapambo.

Baada ya matanga, ndugu wa Kishapu walipokwisha kurudi kwao, nikakifungua tena. Nilikisoma kwa sauti palepale kibarazani. Kusema kweli, Mayu, bila midomo yako hakikuwa na ladha kabisa. Nilivumilia kwa sababu niliona kama hatujamaliza, basi bado upo. Nikafika mahali mama yake Elia anakufa.

Anakufa asubuhi. Mchana wanamzika. Jioni Elia anafuta chozi moja, moja tu, anasema mama yuko mahali pema, kisha wanaanza kuzungumzia gauni la harusi. Nikafunua mbele, nikafunua tena. Hatajwi. Hakuna aliyeuliza kuku wake wanalishwa na nani. Hakuna aliyejisahau akampakulia chakula. Eti imani imewatosha. Weee! Na sisi si tunaamini? Mchungaji aliyekuzika anaamini kumshinda huyo Elia, na bado sauti ilimkatika katikati ya wimbo. Kwa hasira nikakitupa kitabu cha watu uani.

Masanja alikuwa ndani, siku hiyo amekuja kutoka machimboni, akasikia. Unamjua mwanao. Tulipokuzika hakutoa chozi, na matanga yalipoisha tu akarudi Mwakitolyo kwenye duara lao la dhahabu, akazama shimoni, wachimbaji wenzake wakamsifu kwamba huyu ndiye mwanaume. Akija nyumbani anakula, analala, anaondoka. Jina lako halitaji. Niliogopa ukimya ule, Mayu, niliona kama umeondoka naye. Basi akatoka, akakiokota kitabu, akakipangusa vumbi. "Ahadi kwa marehemu ni deni," akasema. "Kimalize." Nikamwambia, haya, kisome wewe basi, anzia hapohapo.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye gauni akarudi juu, akasoma upya, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha akasema, "Huyu Elia hakuwa na mama."

Akakaa kwenye kigoda chako, ambacho tangu uondoke hakuna aliyethubutu kukikalia, na akalia. Alilia kwa kwikwi, Mayu, mtu mzima na ndevu zake, akimlilia mama kama mtoto, akiita "Mayu, Mayu." Sikumnyamazisha. Nilikaa chini karibu yake nikalia na mimi, na viazi siku ile havikukatwa.

Kesho yake nikakirudisha kitabu. Mama Happy akataka kunisimulia mwisho wake, nikaziba masikio kama mtoto. Kwa hiyo sijui kama Rebeka aliolewa, na sitajua. Kwa hilo naomba unisamehe. Lakini Masanja sasa anakutaja. Juzi alikuwa anakula michembe, akasema mama angeikata nyembamba zaidi. Nikanuna, halafu nikacheka, maana ni kweli.

Nitatafuta kitabu kingine, nitakisoma palepale kibarazani, na kikiwa kibovu nitakiacha bila kuomba ruhusa. Ninachokuahidi ni kwamba jina lako halitanyamaziwa tena katika nyumba hii. Pumzika, Mayu. Wakikuuliza huko watu wako wanaendeleaje, waambie bado wanakulilia, na hawana haraka ya kunyamaza.

Mkamwana wako,
Mama Neema