Mkwe Upande wa Pili wa Waya

Iringa, 3 Machi 1957

Dada yangu mpendwa Atuganile,

Ugonile! Mimi ni mzima, ila baridi ya Iringa imenikalia kifuani. Mama mdogo Damari hajambo? Na goti lake?

Habari kwamba umeitwa kuhojiwa kazi ya opareta wa simu hapo posta ya Mbeya niliwasomea wenzangu hapa chumba cha mitambo. Wakacheka: "Msichana?" Nikawaambia subirini. Wewe ndiye uliyefungua redio ya mchungaji ukiwa darasa la nne, ukairudisha ikaimba kuliko mwanzo, na fimbo ukala vilevile.

Sasa sikiliza. Watakuweka mbele ya ubao wa simu uunganishe watu, nao wamesimama nyuma yako. Kisha watakupa tatizo waone unavyowaza. Mimi nakupa moja la kujipimia: tuseme kati ya Mbeya na Iringa kuna vituo saba, na laini imekufa. Utajuaje imekatika wapi bila kupoteza asubuhi nzima? Jibu upesi nikusahihishe.

Kaka yako,
Ezekia

Mbeya, 10 Machi 1957

Kaka Ezekia,

Ndaga kwa barua. Sisi hatujambo, na goti la mama mdogo linatabiri mvua wala halikosei. Kifua chako ukipake mafuta, usijifanye mzee wa chuma.

Unisahihishe nini? Mfereji wa bustani ulipokauka, mama hakuufuata wote toka juu. Alikwenda katikati. Akikuta maji, tobo liko chini. Akikuta pakavu, liko juu. Kisha nusu ya nusu. Kwa hiyo napigia kituo cha nne kwanza. Kikiitika nasonga hadi cha sita, kisipoitika narudi cha pili. Kwa simu tatu nimeshajua. Lete swali la watu wazima.

Mchumba wangu Isakwisa anafurahi. Harusi ni baada ya kuchuma kahawa, na kazi amesema nifanye. Baba yake, karani wa posta kule Tukuyu, sijui anasemaje, na sitajua. Tangu ng'ombe wa mahari wafike kwetu, nikiona koti lake jeusi mbali njiani natumbukia migombani. Sura yake siijui. Ndivyo tulivyolelewa: mke wa mwana hamwoni baba mkwe, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Jina lake sitaliandika hata hapa.

Nahojiwa Jumatatu, tarehe 18. Niombee, ingawa nadhani wao ndio wanaohitaji maombi.

Dada yako,
Atuganile

Mbeya, 19 Machi 1957

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Afya ninayo. Akili nilidhani imenikimbia.

Tulikuwa sita. Wale wanaume watano walinitazama kama niliyeleta chai. Nikaitwa wa kwanza. Ndani kulikuwa na Mzungu wa simu, Bwana Alawi karani wa hapa, na mzee mmoja aliyeinamia orodha yake, ambayo ilikuwa na namba zetu tu bila majina. Nikaketi, sina wasiwasi hata kidogo. Ndipo Bwana Alawi akanitajia wakubwa mmoja mmoja, na jina la tatu likawa lile. Wamemleta toka Tukuyu kusaidia kuchagua.

Kaka, nilivuta kitambaa usoni, nikageuka, nikatoka mbio. Kiti kikaanguka. Nje wale watano wakasema, "Kashindwa kabla ya swali!" Nililia kwa hasira. Nikirudi ndani nimeivunjia heshima nyumba ya Isakwisa. Nisiporudi, kazi imekwenda kwa mmoja wa wale wanaocheka.

Bwana Alawi akanifuata. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye kazaliwa hapahapa, desturi zetu anazijua.

"Unaumwa, binti?"

"Siumwi. Ndani yumo baba mkwe wangu."

Akashika kichwa. "Lahaula! Sasa tunafanyaje?"

Nikafuta machozi. "Bwana, kazi yenyewe si ya kuwahudumia watu usiowaona? Niwekeni chumba cha mitambo mniulize kwa simu. Mzee akiwa na swali, wewe ndiye unifikishie."

Akaingia ndani akicheka, na Mzungu akakubali. Nikaunganisha simu nane bila kukosea hata moja. Halafu Bwana Alawi akasema kwenye waya: "Mzee anauliza, laini ikifa, unaanza kituo gani?" Nikatoa jibu la mfereji wa mama, lote. Kisha: "Mzee anasema inatosha."

Inatosha maana yake nini? Tena nimesikia mwezi wa Mei anahamia hapa kuwa karani mkuu. Chumba cha simu kina mlango mmoja, nao unapita mbele ya meza yake. Hata wakinipa kazi, nitaingiaje?

Dada yako,
Atuganile

Iringa, 27 Machi 1957

Dada yangu,

Mimi sijambo, kifua kimepona. Nimecheka kwa barua yako, halafu nikaacha kucheka.

Mzee Andendekisye, mimi naweza kumtaja, ndiye aliyenifundisha kazi. Hajawahi kumsifu mtu. Akikuambia "inatosha" hujui kama umefaulu au umemchosha. Ila usiandike barua ya kukataa kazi ambayo hujapewa. Mlango ni mbao tu, dada. Ngoja.

Kaka yako,
Ezekia

Mbeya, 14 Mei 1957

Kaka Ezekia,

Usinikasirikie kwa kimya changu. Nilitaka kuandika nikiwa na la uhakika. Sote wazima, mama mdogo anakusalimu.

Nimepewa kazi! Siku ya kwanza nilikwenda nikiwaza nitapita wapi. Bwana Alawi akanizungusha uani. Kuna mlango mpya wa nyuma, mbao bado zinanukia maranda. Anasema mzee alihamia wiki mbili kabla ya tarehe aliyopangiwa, akaja na seremala Joachim, akamwambia Mzungu kwamba chumba kile kinakosa hewa. Hakusema neno jingine. Kila asubuhi anakohoa mara mbili akiingia kwa mbele, nami najua yuko wapi.

Sasa nikueleze la jana. Mwenzangu anayemuunganishia mzee alikuwa ametoka, na taa ya simu ya mzee ikawaka ubaoni. Nikatazama mlangoni, hakuna mtu wa kunisaidia. Nikachomeka waya. "Namba, tafadhali." Kisha sauti ya mzee, taratibu: "Iringa. Chumba cha mitambo. Namtaka Ezekia."

Nikawaunganisha, nikatoa sikio kama sheria ya kazi inavyotaka. Sikumwona na sikumtaja. Wazee walipoweka desturi waya haukuwepo, kwa hiyo sijui kama nimekosa. Alikuambia nini? Usinifiche.

Dada yako,
Atuganile

Iringa, 20 Mei 1957

Dada yangu Atuganile,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, na wenzangu hapa hawacheki tena.

Mzee alisema hivi, nami naandika kama alivyosema, maana alinituma nikufikishie: "Mwambie dada yako, mimi siwezi kumwambia. Miaka ishirini laini ikifa naanza na kituo cha kwanza. Wiki iliyopita ilikufa, nikaanza katikati. Mwambie harusi isichelewe."

Kisha akakohoa mara mbili, akakata.

Kaka yako,
Ezekia